Mkataba Nilioutamani Sasa Naogopa Kuusaini

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 25, mzaliwa wa Tanga, na ninaishi Ngamiani pamoja na mama yangu katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Nilisomea uhusiano wa umma na masoko chuo kikuu kule Mwanza. Baada ya kuhitimu nilirudi nyumbani nikazunguka na vyeti vyangu karibu mwaka mzima, mpaka nilipopata nafasi ya kujitolea katika kitengo cha uhusiano cha kampuni moja ya hapa mkoani inayosindika juisi za matunda. Jina lake naomba nisilitaje. Nimekaa pale miezi 9. Ninalipwa shilingi 150,000 kwa mwezi, ambazo wenyewe wanaziita nauli, lakini siwezi kusema kwamba nimepoteza muda, kwa sababu kuandika taarifa kwa vyombo vya habari, kupanga mkutano na waandishi, kumpigia simu mhariri bila sauti kutetemeka, yote hayo nimejifunzia pale, chini ya mkuu wa kitengo, mama mmoja mwenye uzoefu mkubwa ambaye amenilea kama mwanawe.

Miezi miwili iliyopita wateja walianza kulalamika kwamba pakiti za juisi yetu ya embe zinavimba kabla ya tarehe ya mwisho wa matumizi, na baadhi yao wakaweka picha mtandaoni. Mkuu wangu aliniita, akaniagiza niandike taarifa fupi. Nilimwuliza niseme nini, naye akanitamkia: bidhaa zetu zote ni salama, na malalamiko hayo ni uzushi unaosambazwa na washindani wetu kibiashara. Niliandika, akaipitia, akaisifu, ikasomwa kwenye redio za hapa mjini na kubandikwa kwenye kurasa zetu. Siku mbili baadaye tuliita waandishi 6, na mimi ndiye niliyepewa bahasha 6 zenye shilingi 50,000 kila moja nizigawe mwisho wa mkutano, kisha nikasaini karatasi iliyoandikwa "gharama za usafiri". Waandishi wale wote wanaishi hapahapa mjini, na wawili kati yao walikuja kwa baiskeli.

Juma lililofuata, wakati wa chakula cha mchana, kijana mmoja wa kitengo cha ubora aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wao walikwishaliona tatizo: mashine ya kufungia pakiti ilikuwa haibani sawasawa siku walipotengeneza bechi moja, yaani fungu moja la pakiti zilizotengenezwa pamoja, nao wakaandika ripoti. Sijui ripoti hiyo ilifika kwa nani. Ninachojua ni kwamba bechi ile haikuondolewa madukani, kwa sababu mama yangu, anayeuza vinywaji baridi barazani kwetu, alikuwa na katoni 2 zenye namba ya bechi hiyohiyo. Nilizitoa usiku nikazisukuma chini ya kitanda changu, nikamwambia kwamba nitamletea nyingine kwa bei ya kampuni. Aliniuliza kuna nini. Nilimjibu kwamba ni utaratibu wa ofisi tu.

Sasa, Shangazi, wiki iliyopita nimepewa mkataba wa mwaka mmoja wa Afisa Uhusiano Msaidizi, mshahara shilingi 650,000. Mkuu wangu aliniambia, "Umeiva, mwanangu, jambo lile la embe ulilibeba vizuri." Ninatakiwa kuurudisha ukiwa na saini yangu kabla ya mwisho wa mwezi. Mama ana shinikizo la damu, na mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Wakati huohuo, rafiki niliyesoma naye, ambaye anafanya kazi kwenye wakala mmoja wa uhusiano wa umma Dar es Salaam, amenitafutia nafasi ya mafunzo kwa vitendo ya miezi 6 kwa shilingi 300,000 kwa mwezi, na ningekaa kwa mama mdogo Mbagala. Anasema kule kazi inafanywa kitaalamu, hakuna mambo ya bahasha. Mjomba wangu naye anasema niache ujinga, kwamba kazi ya uhusiano ndiyo hiyo, kusafisha jina la aliyekuajiri, na kama sitaki basi nikasomee ualimu.

Je, nisaini? Na kama kazi hii ndivyo ilivyo kila mahali, je, nilikosea kuisomea?

Binti wa Ngamiani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama mahali palepale, pale uliposukuma zile katoni chini ya kitanda. Nitarudi hapo.

Unaniuliza kuhusu mkataba, lakini ndani ya barua yako naona mambo mengine yaliyofungwa fundo moja na huo mkataba: taarifa uliyoiandika, bahasha ulizozigawa, na juisi ambayo huenda mpaka leo ingali kwenye rafu za maduka ya Makorora na kwingineko. Mkataba unaweza kungoja mwisho wa mwezi. Juisi haingoji. Pakiti isiyobanwa vizuri hupitisha hewa, na kwa hewa hiyo huingia chachu na vijidudu vinavyokula sukari ya juisi na kutoa gesi, na hiyo gesi ndiyo inayoivimbisha. Si kila pakiti ya namna hiyo itamdhuru anayeinywa, ila hakuna mteja awezaye kujua kwa macho ipi ni ipi, na wanywaji wakubwa wa juisi za pakiti, kama mama yako anavyojua kutoka barazani kwake, ni watoto. Kwa hiyo nitaanzia hapo, ingawa wewe hukuanzia hapo.

Niruhusu nikuulize jambo ambalo pengine halitakupendeza. Je, unajua kwamba bechi ile ina kasoro, au umeambiwa? Kijana wa ubora alikuambia mezani, kwa sauti ya chini, na ripoti hukuiona. Sisemi kwamba alikudanganya. Picha za wateja zinampa uzito. Lakini kama utazungumza na mtu yeyote mwenye mamlaka, ni lazima uwe umejua namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa, na kama ripoti ile iliandikwa kabla au baada ya taarifa yako. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Katika kampuni nyingi kitengo cha uhusiano ndicho cha mwisho kupata habari za kiwandani, na inawezekana kabisa kwamba siku ile mkuu wako alikutamkia alichotamkiwa yeye. Inawezekana pia kwamba alijua. Hizo ni hali mbili tofauti, na wewe umekwisha kuishi wiki kadhaa ukiwa na woga wa ile ya pili bila kumwuliza.

Sasa niitazame taarifa yako kama kazi ya mikono, maana wewe ni fundi unayeanza na nadhani ungependa kusemwa kifundi. Ndani yake mlikuwa na madai mawili: kwamba bidhaa zote ni salama, na kwamba malalamiko ni uzushi wa washindani. La kwanza lilihitaji mtu wa maabara wa kulithibitisha. La pili lilihitaji ushahidi dhidi ya watu wengine, na dai la namna hiyo likibandikwa mtandaoni bila ushahidi linaweza kumfikisha mtu mahali pabaya, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa uchapishaji wa habari za uongo. Ulimwuliza mkuu wako "niseme nini". Swali lililokosekana lilikuwa "tumejuaje?" Sikulaumu. Ulikuwa mtu wa kujitolea mbele ya mtu aliyekulea, na ujasiri wa kuuliza swali la pili haupatikani darasani.

Mjomba wako anasema kazi hii ni kusafisha majina, na siwezi kumwambia amekosea kabisa, kwa kuwa historia yake ina pande zote mbili, tena wakati mwingine ndani ya mtu mmoja. Bila shaka ulisoma habari za Ivy Lee wa Marekani, mmoja wa waanzilishi wa kazi ya uhusiano wa umma. Mwaka 1906, treni ya Pennsylvania Railroad ilipotumbukia majini Atlantic City na kuua watu zaidi ya 50, kampuni za reli zilikuwa na desturi ya kuficha ajali, lakini yeye aliwashauri wenye reli watoe habari zenyewe na wawasaidie waandishi kufika eneo la tukio. Hicho ndicho kisa ambacho walimu hukipenda. Kile wanachokipitia haraka ni kwamba mwaka 1914, baada ya wachimbaji na familia zao kuuawa katika mgomo wa Ludlow, jimbo la Colorado, mtu huyohuyo aliwaandikia wenye migodi matangazo yaliyokuwa na mambo yasiyo kweli, na alipohojiwa na tume mwaka uliofuata alikiri kwamba hakufanya juhudi yoyote kuyahakiki aliyopewa na waliomwajiri. Ujuzi wake wa kuandika haukuwa umepungua. Lililotofautiana ni kama aliuliza au hakuuliza. Ndiyo maana swali lako la kama ulikosea kusomea kazi hii nalirudisha kwako kama lilivyo, kwani sioni kwamba yaliyotokea kwenu ni kipimo cha kazi nzima.

Bahasha nazo zinahitaji maneno ya polepole. Mimi si mtu wa kuwarushia mawe waandishi wa mikoani. Wengi wao si waajiriwa. Hulipwa kwa kila habari inayochapwa, malipo madogo, na wanajigharamia simu na usafiri. Mwandishi akitolewa Tanga mjini kwenda kiwandani mbali na mji na akalipiwa gari na chakula, watu wenye akili zao wanaweza kubishana kama kuna ubaya. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia kwamba wawili walikuja kwa baiskeli, na hukuliandika hilo kwa bahati. Jiulize: habari ile ingeandikwa vilevile kama bahasha zisingekuwapo? Je, kuna hata mmoja kati ya wale 6 aliyeuliza kuhusu namba ya bechi? Maadili ya waandishi yanayosimamiwa na Baraza la Habari Tanzania yanakataza kupokea malipo ya kupindisha habari, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiishii kwenye ofisi za serikali. Kwenye ile karatasi ya gharama za usafiri jina lililopo ni lako, si la mkuu wako. Naomba ulione hilo kwa macho makavu, bila hofu ya kupita kiasi, na tangu sasa kila karatasi unayosaini uwe na nakala yake.

Nini basi kinawezekana? Njia ambayo moyo wangu unaielekea kwanza, ingawa si lazima iwe yako, ni kumwendea mkuu wako faraghani kabla ya kusaini chochote. Usiende na lawama. Nenda na rasimu. Andika taarifa mpya fupi, mathalani: "Tumepokea malalamiko kuhusu pakiti za juisi ya embe za bechi fulani. Tumeanza kuichunguza mashine ya kufungia. Wakati tukiendelea, tunawaomba wateja wasizinywe, wazirudishe dukani na kurejeshewa fedha zao." Sentensi chache zinazosema tunachojua, tunachokichunguza, na mteja afanye nini kwa sasa. Mwambie umesikia jambo linalokusumbua na ungependa kitengo kisije kikaumbuka. Usimtaje kijana wa ubora. Hatari ya njia hii haijifichi: anaweza kukuona mtovu wa shukrani, na mkataba ukayeyuka. Wala usitegemee sana kile kisa cha Chicago mwaka 1982, ambapo watu 7 walikufa kwa vidonge vya maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sumu, na kampuni iliyovitengeneza ikaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31, kisha ikarudi sokoni ikiwa na heshima. Darasani husimuliwa kana kwamba ukweli hulipa kila mara. Kampuni ile ilikuwa tajiri mno, na sumu inaaminika ilitiwa na mtu wa nje. Yenu ina mashine mbovu na huenda haina akiba. Bosi wako anaweza kukuambia hivyo, na atakuwa na hoja.

Akikataa kukusikiliza na ukawa na uhakika kwamba bechi ile ingali sokoni, ipo njia ya mamlaka. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na mtu yeyote, hata muuza vinywaji wa barazani, anaweza kupeleka pakiti iliyovimba na kulalamika. Ipo pia sheria ya mwaka 2015 inayowalinda watoa taarifa na mashahidi. Sheria ni kitu kimoja na mji ni kitu kingine, hata hivyo. Tanga watu wanajuana kwa baraza na kwa ukoo, kitengo chenu kina watu wachache, na haitakuwa kazi ngumu kukisia nani alisema. Lipime hilo pamoja na mtu mzima unayemwamini, na usilibebe peke yako.

Kuhusu kusaini: unaweza kusaini ukiwa na nia ya kuibadilisha kazi ukiwa ndani, na wapo waliofanya hivyo na wakaweza. Wapo pia ambao kila mwezi walijiambia mwezi ujao. Ukiuchukua mkataba, usome majukumu yako yameandikwaje, uombe taarifa zote za bidhaa zipitiwe kwa maandishi na kitengo cha ubora kabla ya kutolewa, na utazame jibu watakalokupa, kwa kuwa litakuonyesha mengi kuliko mshahara. Ujue pia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi mwajiriwa wa chini ya miezi 6 ulinzi ule dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, na miezi yako 9 ya kujitolea huenda isihesabiwe. Kisha kuna lile neno la mkuu wako, kwamba jambo la embe ulilibeba vizuri. Nilijiuliza kama ametambua uandishi wako au ametambua ukimya wako, nikakosa jibu. Wewe uliyemwona usoni unaweza kujua.

Dar es Salaam je? Nafasi ya rafiki yako ina thamani, hasa kwa sababu ndani ya wakala utaona wateja wengi na matatizo mengi kwa muda mfupi. Ila lile la "kule hakuna bahasha" nalipokea kwa tahadhari. Bell Pottinger ilikuwa miongoni mwa wakala wenye majina makubwa London, lakini mwaka 2017 ilifukuzwa na chama cha wenzake kwa kampeni iliyochochea chuki za rangi Afrika Kusini, na haikupita muda ikafilisika. Ukubwa wa ofisi haukuizuia. Mwulize rafiki yako maswali mahususi: mteja akitaka jambo lisilo kweli liandikwe, nani mwenye uwezo wa kukataa, na je, amewahi kumwona akikataa? Piga pia hesabu ya shilingi 300,000 kwa nauli za daladala za Mbagala na hela ya dawa za mama, kisha uone kinachobaki. Wala milango si hiyo miwili tu. Halmashauri na taasisi za umma nazo huajiri maafisa habari, nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na ingawa foleni ni ndefu, kuomba hakukuzuii kufanya lolote kati ya hayo mengine.

Nirudi sasa chini ya kitanda. Ulipoiona ile namba ya bechi, hukusubiri ripoti, hukungoja idhini. Uliondoa bidhaa sokoni na ukaahidi kufidia. Kwa mteja mmoja, usiku, uani kwenu, ulifanya sehemu kubwa ya kile ambacho kampuni nzima haikukifanya. Palipopungua ni pale mteja huyo alipokuuliza sababu, nawe ukampa jibu la ofisini. Mama anayo haki ya kujua, kwa kuwa biashara ni yake na wanaonunua kwake ni watoto wa majirani; tena ni mtu aliyeuza vinywaji miaka mingi, na huenda amewahi kuona pakiti zikivimba kabla yako na ana la kukueleza. Unaogopa presha yake, nami naielewa hofu hiyo. Lakini aliona katoni zikiondoka usiku, akauliza, na mpaka leo hajajibiwa.